Barua ya wazi kwa wanaosimamia Mkataba wa Falepili: Watuvalu wasafiri na lugha yao

Kwa Mheshimiwa Feleti Teo, Waziri Mkuu wa Tuvalu, na Mheshimiwa Anthony Albanese, Waziri Mkuu wa Australia, pamoja na mawaziri na maofisa wote wa nchi hizo mbili mliokabidhiwa utekelezaji wa Mkataba wa Falepili.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Mombasa kuhusu Kituvalu, lugha ya visiwa ambavyo sijawahi kuvikanyaga. Mkitaka kujua imenihusu nini, wazee wangu ni watu wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia ulio kusini ya Mogadishu, na lugha ya nyumbani kwetu ni Chimiini, lahaja ya Kiswahili iliyo kaskazini kuliko zote. Vita vilipozuka mwaka 1991 watu wetu walishuka baharini wakaja Mombasa, wakakaa kambini miaka, kisha wengi wakachukuliwa Uingereza na Marekani. Huko walipata hati, makazi, shule na matibabu, na tunashukuru. Lakini katika fomu zote walizojazishwa hapakuwa na mahali palipoulizwa mtoto huyu atazungumza na bibi yake kwa lugha gani. Sasa ukipiga simu kwa jamaa zetu walioko ng'ambo, bibi anasema Chimiini, mjukuu anajibu Kiingereza, na mama yuko katikati anafasiri. Haya yametokea ndani ya miaka thelathini na kitu, na mbele ya macho yetu.

Ndiyo maana habari za mkataba wenu zimenikaa moyoni tangu nilipozisoma. Ulitiwa saini Rarotonga, Visiwa vya Cook, tarehe 9 Novemba 2023, ukaanza kutumika tarehe 28 Agosti 2024. Kila mwaka Watuvalu 280 wanaruhusiwa kuhamia Australia kuishi, kusoma na kufanya kazi, na anayepata bahati huchaguliwa kwa kura. Kura ya kwanza ilifunguliwa kati ya Juni na Julai 2025, na ilipofungwa walikuwa wamejiandikisha watu 8,750, ukihesabu na familia zao. Nchi nzima ina watu kama 11,000. Sijui taifa jingine ambalo karibu wanne katika kila watu wake watano wameandika majina yao kwenye orodha ya kuondoka ilhali hakuna risasi inayowafukuza.

Kwa wasomaji wenzangu wa Kiswahili ambao hawakijui kisiwa hata kimoja cha huko, niseme kidogo. Tuvalu ni visiwa tisa vya matumbawe katika Bahari ya Pasifiki, na ardhi yake yote ukiikusanya ni kilomita za mraba 26 tu. Pahali palipoinuka kuliko pote hapafiki mita tano juu ya bahari. Uwanja wa ndege ni mmoja, uko Funafuti, ulijengwa na jeshi la Marekani mwaka 1943 wakati wa Vita Kuu ya Pili. Visiwa vingine hufikiwa kwa meli. Kituvalu ni lugha ya Kipolinesia, na Kipolinesia ni tawi la lugha za Oseania, zilizomo katika ukoo mkubwa wa lugha za Kiaustronesia. Kimalagasi cha Madagaska kimo katika ukoo huohuo. Kwa hiyo hawa si wageni kabisa kwetu: watu wa ukoo huo walivuka bahari yetu ya Hindi zamani sana, na wataalamu wengi wanaona kwamba mbawa za ngalawa zetu ni ufundi uliotoka kwao.

Bahari inapanda, lakini si hilo ninalowaandikia. Wapo wanaowaandikia kuhusu kuta za bahari na gesi chafu, nami nawaunga mkono. Ninaloliomba ni dogo kwa gharama na kubwa kwa uzito: katika kutekeleza mkataba huu, Kituvalu kipewe nafasi rasmi, chenye bajeti yake, watu wake wa kukisimamia, na hesabu itakayotolewa kila mwaka, kama vile mnavyotoa hesabu ya viza.

Mtaniambia lugha hii imeshapita mengi ikabaki. Ni kweli, na ukweli huo ndio unaofundisha. Mwaka 1863 meli za watekaji zilizokuwa zikitafuta vibarua wa kupeleka Peru zilichukua mamia ya watu Funafuti na Nukulaelae. Nukulaelae ikabaki na chini ya watu mia. (Huku kwetu soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado wazi, lilifungwa miaka kumi baadaye.) Mwaka 1865 wakaja wachungaji wa Kisamoa waliotumwa na wamisionari wa London, na kwa muda mrefu Kisamoa kikawa ndiyo lugha ya ibada na ya kusoma. Biblia nzima kwa Kituvalu haikupatikana hadi 1987. Waingereza nao wakawaunganisha na Wakiribati katika koloni moja, lenye makao yake Tarawa, kwa Wakiribati, ambako Watuvalu walikuwa wachache. Walipoulizwa kwa kura ya maoni mwaka 1974, zaidi ya tisa katika kila kumi walichagua kujitenga, na uhuru ukaja tarehe 1 Oktoba 1978.

Katika misukosuko yote hiyo lugha ilikuwa na ngome moja: waliobaki walibaki pamoja. Mchungaji aliposoma Kisamoa kanisani, watu walirudi nyumbani wakasema lugha yao. Karani aliyefanya kazi Tarawa alikuwa na kijiji cha kurudi. Katika kura hii ya viza kitakachogawanyika ni nyumba yenyewe.

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye moyo wa barua. Anayeshinda kura huenda na mume au mke na watoto wanaomtegemea. Bibi na babu hawamo. Ni kweli kwamba kura haina kikomo cha umri wala haimkatai mgonjwa au mwenye ulemavu, na kwa hilo mlifanya jambo la utu ambalo nchi nyingi zingeshindwa kulifanya. Lakini bibi anaingia kwa jina lake mwenyewe na bahati yake mwenyewe. Mwanawe anaweza kushinda mwaka huu, yeye asishinde kwa miaka kumi. Na mtu yeyote aliyelelewa katika lugha ndogo anajua ni nani hasa anayeifundisha. Baba na mama wako kazini. Bibi ndiye anayemkanya mtoto, anayemsimulia, anayemwimbia mpaka alale, anayemtuma kuleta kitu na kumrekebisha akikitaja vibaya. Kwa jamaa zetu wa Barawa, nyumba ambazo bibi alisafiri pamoja na watoto ndizo ambazo leo bado utasikia Chimiini. Ambazo bibi alibaki kambini au alikufa njiani, imekwisha. Sikufanya utafiti, lakini hakuna mtu wetu utakayemuuliza akakuambia vingine.

Basi ombi langu la kwanza ni hili: familia inapochaguliwa, mzee mmoja au wawili wanaoishi nayo waruhusiwe kwenda nayo wakitaka, bila kusubiri kura yao. Na ikiwa idadi ya 280 haiguswi, basi wazee hao wawe nje ya hesabu hiyo. Australia haitalemewa na vikongwe kadhaa.

La pili linahusu mahali. Mna mifano miwili mikononi, na yote ni ya majirani zenu.

Mfano mmoja ni Kioa. Katika miaka ya 1940 watu wa Vaitupu, kimoja cha visiwa vya Tuvalu, walinunua kisiwa cha Kioa huko Fiji kwa fedha zao, na mwaka 1947 watu 37 wakahamia, wengine wakafuata. Walihama kama jamaa moja, wakajenga kijiji kimoja, wakaendelea kufuata desturi za Vaitupu. Ni zaidi ya miaka sabini na tano sasa. Tangu 2005 watu wa Kioa ni raia wa Fiji, na Kituvalu bado ni lugha yao.

Mfano wa pili ni Niue, kisiwa kingine cha Kipolinesia. Waniue ni raia wa New Zealand, hivyo mlango wao uko wazi siku zote. Mwaka 1966 kisiwani walikuwa watu 5,194. Uwanja wa ndege ukafunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na leo kisiwani wamebaki kama 1,600 au 1,700. Sensa ya New Zealand ya 2018 ilihesabu Waniue 30,867 nchini humo. Mtu angedhani watu wakiwa wengi hivyo lugha imenawiri. Kumbe ni sehemu ndogo tu yao wanaoweza kuizungumza, na UNESCO imeiweka katika orodha ya lugha zilizo hatarini. Walihama mmoja mmoja, nyumba moja moja, wakatawanyika mijini kufuata kazi na kodi za nyumba, na kila nyumba ikapambana peke yake.

Tofauti kati ya hao wawili haikutokana na mapenzi. Waniue wanaipenda lugha yao kama watu wa Kioa wanavyoipenda yao. Wenzao wa Kioa walikuwa na majirani wa kusema nao kila asubuhi. Siombi Watuvalu wazuiwe kwenda watakako. Wana haki ya kuishi popote Australia kama mkazi mwingine. Naomba wanaotaka kukaa karibu wawezeshwe: wapokelewe katika miji michache iliyochaguliwa pamoja nao, wasaidiwe kupata nyumba mitaa ya jirani, na pawe na ukumbi wao. Ukumbi si anasa kwa Mtuvalu. Kila kisiwa kina falekaupule, baraza la wazee, na Sheria ya Falekaupule ya mwaka 1997 ililipa baraza hilo madaraka ya serikali ya mtaa. Humo ndimo watu wanamojadili, wanamogombana, wanamopatana na kucheza fatele, ngoma ile inayoanza polepole na kuongezeka kasi mpaka waimbaji wote wamelowa jasho. Fatele hutungwa kwa jambo jipya: ujio wa mgeni, arusi, msiba. Ukiwa na ukumbi huko Brisbane au Melbourne zitatungwa fatele za huko, na mtoto atazihitaji ili aelewe watu wanacheka nini.

Nasema hivyo kwa sababu kuna maneno ambayo hayataweza kusafiri, na tusidanganyane. Pulaka, jimbi lao kubwa, hupandwa katika mashimo yaliyochimbwa kwa vizazi mpaka kufikia maji matamu yanayoelea juu ya maji ya chumvi chini ya matumbawe. Kila ukoo una ujuzi wake wa majani ya kuoza ya kuulisha mmea, namna ya kuufunga, wakati wa kuung'oa, na ujuzi huo huwekwa siri. Sasa chumvi inaingia mashimoni na mimea inaoza. Kaleve nayo ni utomvu wa mnazi unaogemwa asubuhi na jioni, kama wagema wetu wa Kilifi na Pemba wanavyofanya. Na nyinyi mnaojua kazi ya kugema mnajua ina msamiati wake, wa kisu, wa kamba, wa kole, wa kipande cha kupandia na wa hali ya kilembwa cha ua. Mjukuu wa mgema akikulia katika fleti hatakuwa na cha kufanya na maneno hayo. Ndiyo maana lazima yarekodiwe sasa, mashimoni na minazini, kwa sauti na kwa picha, mikono ikionekana inafanya kazi, na anayezungumza alipwe kwa siku yake. Na kanda hizo ziwe mali ya Watuvalu. Kila ukoo uamue ni lipi la wote na ni lipi la nyumbani.

Mheshimiwa Teo, serikali yako imefanya kazi kubwa ya kuvipiga visiwa picha za pande tatu ili taifa liendelee kuwapo hata kwenye mtandao, na katiba yenu ya 2023 imetamka kwamba dola ya Tuvalu itadumu hata bahari ikichukua ardhi. Dunia ilimwona waziri wenu akihutubia akiwa amesimama majini mwaka 2021, na hakuna aliyesahau. Naomba katika mradi huo wa kidijiti sauti zipate fedha sawa na ramani. Ramani ya Nukufetau bila mtu wa Nukufetau anayeeleza kila pwani inaitwaje na kwa nini itawasaidia wanasheria zaidi kuliko wajukuu. Wala msiwasahau watu wa kisiwa cha Nui, wanaosema lugha yao ya Kikiribati. Wakifika Australia watakuwa wachache ndani ya wachache.

Kuna hatari nyingine upande wa nyumbani, na naiona kwa kuwa tunaishi nayo. Pwani na bara ya Afrika Mashariki, mzazi akishaamini kwamba maisha ya mtoto yako kwenye Kiingereza, huanza kumsemesha Kiingereza tangu akinyonya, hata kama hakijui vizuri. Hahitaji kuhama kwanza. Kura yenu inagusa nyumba karibu zote za Tuvalu, kwa hiyo kila mzazi ana sababu ya kumtayarisha mtoto kwa safari. Mwaka hadi mwaka 280 wataondoka, lakini maelfu watakaobaki wakisubiri zamu ndio watakaobadilisha lugha ya nyumbani, na itabadilika kabla ya maji kufika mlangoni. Shule za Tuvalu ziongeze Kituvalu sasa, zisikipunguze. Vitabu vya watoto, vya sayansi, vya hesabu. Mtoto anayesoma vizuri lugha yake hujifunza ya pili kwa urahisi zaidi. Hilo walimu wanalijua, ila wazazi hawajaambiwa vya kutosha.

Mheshimiwa Albanese, nakuja kwako. Nchi yako ina uzoefu mchungu wa lugha za wenyeji waliokuwapo kabla ya meli za Waingereza. Ilikuwa na lugha zaidi ya 250, na leo ni chache mno ambazo watoto wanazikuta kinywani mwa mama. Fedha nyingi sasa zinatumika kuzifufua. Kuilinda lugha iliyo hai ni rahisi kuliko kuifufua iliyolala, na Kituvalu leo ni hai kabisa: kinasemwa na watoto, redioni, kanisani, barazani. Vyombo mnavyo tayari. Victoria ina shule ya serikali ya kufundisha lugha, iliyoanza mwaka 1935, na majimbo mbalimbali yana shule za lugha za jamii zinazofanya kazi mwisho wa wiki. Kiingizeni Kituvalu humo, na mwalimu alipwe mshahara. Huko ng'ambo nimeona mafundisho ya lugha yetu yakiachiwa mama mmoja wa kujitolea siku ya Jumapili; mama akichoka au akihama, darasa limekufa. Mkalimani wa hospitali pia asiwe mtoto wa mgonjwa. New Zealand imeiwekea Kituvalu wiki yake kila mwaka, na ni jambo zuri, ila wiki moja haitoshi kumkuza mzungumzaji.

Na ikiwa kuna atakayeuliza kwa nini mlipakodi wa Australia agharamie haya, mkataba unajibu. Tuvalu imekubali kutofanya mapatano ya ulinzi na usalama na nchi nyingine bila kukubaliana na Australia, mpaka katika mambo ya bandari na mawasiliano. Nchi ya watu 11,000 imetoa kitu kizito sana mezani. Kinachotolewa upande wa pili kiwe na uzito unaolingana nacho, na mishahara ya walimu ishirini wa Kituvalu ni chenji katika bajeti ya ulinzi.

Jambo la mwisho ni tiketi. Mwenye viza hii anaruhusiwa kwenda na kurudi atakavyo, na hiyo ni neema ambayo watu wa Barawa waliiota tu. Lakini nauli ya ndege hadi Funafuti ni kubwa, na baada ya hapo kuna meli ya kungoja. Wekeni mfuko wa kuwarudisha watoto likizo ndefu, wakae kwa babu zao Nanumea au Niutao wiki kadhaa. Mtoto aliyekwenda mara tatu kabla ya kutimiza miaka kumi na tano atakuwa na watu wa kuwapigia simu, na atahitaji lugha ya kuwapigia.

Kabla kura inayofuata haijafunguliwa, naomba mtangaze mambo matatu kwa Kituvalu na kwa Kiingereza: ni nani ndani ya serikali zenu mbili anayewajibika kwa lugha hii, amepewa shilingi ngapi, na wazee wanaoishi na familia zilizoshinda watafanywaje. Watuvalu wenyewe, walioko Funafuti, Kioa, Auckland na Australia, wakae mezani wakati hayo yanaamuliwa. Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili, lugha ya walioipokea familia yangu. Maofisa wenu hawatakosa wa kuwafasiria.

Wasalaam,

Mwana wa Barawa, Mombasa